Lehemu ya bati, lehemu ya fedha

Mpelekee sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, kidani kilichokatika kipete cha kupitishia mkufu, atakwambia kinataka kutiwa lehemu. Mpelekee fundi wa jua kali geti lililong'oka bawaba, naye huenda akalitaja neno hilohilo, ijapokuwa kazi ni mbali na kazi. Geti halitadhurika kwa jina. Kidani cha metali mchanganyiko huweza kuharibika.

Lehemu ni metali, aghalabu aloi, inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko vipande vinavyoungwa. Vipande havigeuki, lehemu peke yake ndiyo huyeyuka, ikatambaa katika upenyo mwembamba baina yao, ikapoa na kushika. Neno limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno la nyama na la jeraha kufunga. Kuchomelea ni jambo jingine: hapo kingo za vipande vyenyewe huyeyushwa zikawa kitu kimoja. Wahunzi wa pwani nao walikuwa na neno lao la kuunga chuma kwa chuma motoni, kutia weko. Kwa hiyo Kiswahili hakikupungukiwa. Sisi ndio tuliozoea kuitwika lehemu mizigo yote.

Tuchukue kidani chenye kisahani cha shaba nyekundu, juu yake mwezi mwandamo wa fedha, na chini tone la shaba ya manjano. Mchoro wake ni kazi ya dakika chache. Kukiunga ndiko kunakompima fundi. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, shaba nyekundu kwenye 1085. Mtu atadhani chini ya 900 yu salama. La. Fedha na shaba zikigusana motoni, pale zinapokutana huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 780, kwa sababu mchanganyiko wa hizo mbili huyeyuka mapema kuliko kila moja peke yake. Lehemu inayotakiwa, aloi ya fedha, shaba na zinki, hukimbia takriban kati ya nyuzi 700 na 770. Nafasi ya kukosea ni finyu.

Ndiyo maana kazi huanzia kwenye tupa, si kwenye moto. Lehemu haizibi pengo. Mwezi lazima ulale juu ya kisahani hata ukivielekeza kwenye mwanga usione mwangaza kati yao. Kisha hupakwa boraksi iliyokorogwa kwa maji, ili shaba isifanye ukoko mweusi unaoizuia lehemu kutambaa. Vijipande vya lehemu hupangwa ukingoni, na moto huzungushwa kwanza kwenye kisahani, kwa kuwa ndicho kizito na lehemu hufuata palipo moto zaidi. Ghafla ukingo wote humetameta kama uzi wa maji. Hapo moto huondolewa papo hapo. Tone la shaba ya manjano hungoja zamu ya mwisho, kwa lehemu inayoyeyuka mapema zaidi, ili kiungo cha kwanza kisifunguke.

Lehemu ya pili ni ile ya mafundi wa redio na simu, ya bati na risasi. Ile yenye bati asilimia 63 huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Ni rahisi, nayo inashika, lakini kiungo chake ni dhaifu na rangi yake haioani na fedha. Baya zaidi ni kwamba mabaki yake yakiachwa juu ya fedha, kisha kito kikapelekwa kwenye moto mkubwa siku nyingine, risasi huila fedha na kuacha vishimo. Sonara akikuta kekee (bangili) ya bibi iliyotiwa bati, hana budi kuikwangua yote kabla ya kuwasha moto.

Tuzitofautisheje kwa jina? Tafsiri iliyo karibu ni lehemu laini na lehemu ngumu, na ndivyo lugha nyingi zinavyosema. Kwenye meza ya sonara majina hayo yanachanganya, maana lehemu ya fedha yenyewe ina madaraja: ngumu, ya wastani na nyepesi, kwa kufuata joto la kuyeyuka. Afadhali tuite kwa metali iliyomo: lehemu ya bati na lehemu ya fedha. Madaraja yabaki ndani ya hii ya pili. Kuchomelea kuachiwe kazi ya kuyeyusha kingo, na kutia weko kazi ya kuunga chuma kwa chuma motoni.

Kutaja metali kuna faida nyingine: kunakumbusha kwamba fedha yenyewe ni nadra kuwa tupu. Riale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ambayo masonara wa pwani waliiyeyusha au kuivika kipete ikawa kidani, ina fedha sehemu 833 katika 1000. Nyingi ya zilizobaki ni shaba. Hiyo ya 925 inayouzwa leo nayo ina sehemu 75 za metali nyingine, aghalabu shaba. Basi mwenye kidani asiridhike kuambiwa kimetiwa lehemu. Aulize, "Fundi, ya bati au ya fedha?" Jibu ndilo litakalomwambia kama kito kitastahimili moto mwingine siku kitakapokatika tena.