Ghushi: neno lililomtangulia bwana afya

Juzi huko Likoni mama mmoja alimrudishia mchuuzi chupa ya maziwa. "Mwanangu, haya umeyachakachua." Neno hilo lilinishtua kuliko maziwa yenyewe. Chakachua tumelipokea kutoka Tanzania, lilikovuma kwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha kwa kura za 2010. Marehemu nyanya yangu wa Kisauni angesema tu: yameghushiwa.

Ghushi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kukitia kitu kizuri kitu duni ili kumhadaa mnunuzi. Watu wa Pwani hawakulingoja serikali ya kikoloni. Walikuwa wakikijua kisa cha Mtume aliyetia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta za chini zimelowa, akamkemea mwenyewe kwa kuzificha. Kwa hivyo ghushi lilikuwa dhambi kabla ya kuwa kesi.

Kesi ililetwa na Sheria ya Afya ya Umma ya 1921, iliyopiga marufuku kuuza maziwa, nyama au chakula chochote kisicho safi na kizima. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mitaani ikajulikana kwa sura ya mtu, bwana afya. Mabwana walikuwa wengi enzi hizo, bwana shauri, bwana shamba, na huyu naye. Kisiwa cha Mombasa kilipata maziwa, mboga na tembo kutoka mashamba ya ng'ambo, Kisauni, Likoni na Changamwe, kwa hivyo sheria ya mjini ilimgusa hata mkamaji asiyeishi mjini.

Ila bwana afya na mnunuzi hawakutafuta kitu kimoja. Yule alitafuta uchafu, huyu alitafuta udanganyifu. Maziwa yaweza kutiwa maji safi yasimdhuru mtu. Tena yaweza kuwa halisi, bila tone la maji, na yakamwua mtoto. Hata laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, ilikuwa na udhaifu wake. Maziwa yakitiwa maji, kipimo huzama zaidi. Lakini hebu engua malai kwanza: maziwa huzidi uzito, kipimo hupanda. Sasa tia maji kidogo kidogo, kitashuka hadi pale pale pa maziwa halisi. Bwana we, hata kipimo kilighushiwa!

Leo ghushi limehamia ofisini. Tuna vyeti ghushi, sahihi ghushi, noti ghushi. Sokoni limebakia kwenye nembo za uongo. Sheria yetu ya Vyakula, Dawa na Kemikali ya 1965 ingali inakataza kuuza chakula kilichoghushiwa, lakini mwambie muuzaji wa Changamwe kwamba ameghushi maziwa, atadhani unamshtaki kwa kuiga pakiti ya kampuni. Nasi waandishi tunaandika "chakula kisicho salama", kana kwamba chakula kilijiharibu chenyewe. Kitenzi kimetoweka, na mtendaji ametoroka nacho.

Yule mama wa Likoni walau alikuwa na kitenzi. Alirudishiwa pesa zake.