Mlanguzi

Mlanguzi ni mtu anayenunua bidhaa kwa wingi, kuzificha hadi ziadimike, kisha kuziuza kwa bei ya kuruka. Tofauti na mfanyabiashara wa kawaida, faida yake hutokana na dhiki ya wengine.

Nchini Tanzania neno hili lilivuma mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda, pale sukari, sabuni, khanga na mafuta ya kula vilipoadimika. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye maduka ya kaya, huku mche wa sabuni ukipatikana uchochoroni kwa bei ya magendo, mbali kabisa na ile ya serikali. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali. Wenye maghala walitupa mali vichakani usiku wasikamatwe. Walanguzi wakaitwa wahujumu uchumi, jina zito zaidi, lenye mahakama maalumu na sheria iliyowanyima washtakiwa mawakili. Hilo lilikuwa kosa, hata kama hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1984.

Uganda ya Idi Amin nayo ilikuwa na *mafuta mingi*, watu waliotajirika kwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Kupe na mnyonyaji ni maneno ya siasa ya Ujamaa ya Tanzania, mapana zaidi kuliko mlanguzi. Nchini Kenya, mlanguzi leo ni hasa msafirishaji wa dawa za kulevya au wa binadamu.