Lenzi ya zumu: historia fupi kabla hujafungua pochi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaotaka kugeuza sebule kuwa studio ya picha ni hili: ninunue lenzi gani ya zumu? Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo naanzia kwenye hesabu. Na historia ya zumu, ukiitazama vizuri, ni historia ya hesabu.

Mwaka wa 1840 kule Vienna, Joseph Petzval alibuni lenzi ya kupigia picha za watu. Tarakilishi hazikuwako. Alisaidiwa kukokotoa na wanajeshi wa kikosi cha mizinga, watu waliozoea tarakimu. Na hiyo ilikuwa lenzi isiyovuta wala kusukuma picha!

Zumu ni kazi ngumu zaidi. Vioo husogea ndani yake, na dosari lazima zidhibitiwe kila vinaposogea. Sinema ilitangulia: Cooke Varo ilitoka Uingereza mwaka wa 1932. Kamera za picha za kawaida zilisubiri hadi 1959, Voigtländer walipotoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82, iliyobuniwa na Frank Back. Mwaka wa 1963 Nikon wakaleta ya milimita 43 hadi 86. Ilipendwa, lakini ilijulikana kwa kupinda mistari iliyonyooka. Lenzi za aina hiyo ndizo zilizoipa zumu jina baya ambalo wengine wanalirudia hadi leo.

Kilichobadilisha mambo ni tarakilishi. Tayari mwaka wa 1953 Leitz, watengenezaji wa Leica, walikuwa wamepata mashine ya Z5 ya Konrad Zuse kwa ajili ya kukokotoa lenzi. Kadiri mashine zilivyopata kasi, ndivyo wabunifu walivyoweza kujaribu miundo mingi zaidi, na zumu zikaboreka.

Haya, turudi sebuleni kwako. Tuseme chumba kina urefu wa mita 4. Toa mita 1 nyuma ya mteja ili kivuli kisigonge ukuta, na nusu mita ya kusimama wewe. Zimebaki 2.5. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi chenye upana wa milimita 23 hivi. Zidisha umbali kwa upana wa kihisi, kisha ugawanye kwa milimita za lenzi. Lenzi ya milimita 50 itaona mita 1.15 tu: kichwa hadi mapajani, hata ukiisimamisha kamera wima. Kumpata mteja mzima, kuanzia viatu hadi kilemba, unahitaji kama milimita 27. Ile zumu ya 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera inafanya kazi zote mbili.

Na f/2.8 ya bei ghali je? Ukitumia taa za flashi, mara nyingi utapiga kwa f/8, na hapo uwazi ule mkubwa ulioulipia hautumiki. Kama unategemea mwanga wa dirisha, hilo ni jambo jingine. La sivyo, ushauri wangu ni huu: pima chumba kwa futi kamba kwanza, kisha pesa zinazobaki zinunue taa ya pili.

Tukutane tena wiki ijayo.