Desemba 26: Siku ya Kuwakumbuka Watoto Mashujaa wa Kisikh nchini India

Kila tarehe 26 Desemba, India huadhimisha siku ya kitaifa iitwayo Veer Bal Diwas, yaani Siku ya Watoto Mashujaa. Siku hiyo imewekwa kwa kumbukumbu ya Zorawar Singh na Fateh Singh, wana wawili wadogo wa Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa dini ya Usikh. Watoto hao waliuawa mjini Sirhind, katika eneo la Punjab, mwanzoni mwa karne ya 18 kwa kukataa kuiacha imani yao. Kuanzishwa kwa siku hiyo kulitangazwa na Waziri Mkuu Narendra Modi tarehe 9 Januari 2022, siku ambayo Wasikh walikuwa wakisherehekea kuzaliwa kwa Guru Gobind Singh.

Chimbuko la kumbukumbu

Usikh ulianzia Punjab kwa mafundisho ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Wafuasi wake, ambao Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa jina la Makalasinga, waliongozwa na Maguru kumi waliofuatana. Mwaka 1699, Guru Gobind Singh aliunda jumuiya ya Khalsa katika mji wa Anandpur. Nguvu ya jumuiya hiyo iliwatia hofu watawala wa milima ya jirani pamoja na dola ya Mughal, iliyokuwa chini ya Mfalme Aurangzeb.

Baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, Guru na watu wake waliuhama mji huo mwezi Desemba 1704, ingawa baadhi ya wanahistoria hutaja mwaka 1705. Familia yake ilitawanyika wakati wa kuvuka Mto Sirsa. Wanawe wawili wakubwa, Ajit Singh na Jujhar Singh, waliuawa vitani huko Chamkaur. Wadogo wawili walibaki na bibi yao, Mata Gujri, wakajihifadhi kwa mtu aliyewahi kuitumikia nyumba yao. Kwa mujibu wa simulizi za Wasikh, mtu huyo ndiye aliyewasaliti kwa maofisa wa dola.

Walipelekwa Sirhind na kufungiwa katika mnara uliokuwa na baridi kali. Gavana Wazir Khan aliwataka wabadili dini ili wasalimike. Zorawar alikuwa na umri wa takriban miaka 9 na Fateh takriban miaka 6. Walikataa, na ikaamriwa wajengewe ukuta wakiwa hai. Mata Gujri naye alifariki dunia siku ambayo wajukuu wake waliuawa.

Simulizi hiyo pia humtaja kwa heshima Sher Mohammad Khan, mtawala Mwislamu wa Malerkotla. Ingawa alikuwa upande wa dola ya Mughal, alipinga hukumu hiyo kwa hoja kwamba watoto hawapaswi kuadhibiwa kwa uadui uliopo kati ya watu wazima. Mwaka 1947, Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan na damu nyingi kumwagika, Malerkotla ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Wasikh wengi huona kuwa wema wa mtawala huyo ndio uliolipwa.

Kutoka gurdwara hadi taifa

Kumbukumbu ya watoto hao haikuanzishwa na serikali. Mahali walipouawa pamejengwa Gurdwara ya Fatehgarh Sahib, nyumba ya ibada yenye jina la mdogo wao, na tangu mwaka 1992 wilaya nzima inaitwa hivyo. Mwishoni mwa Desemba, umati mkubwa wa mahujaji hukusanyika hapo kwa sala, maandamano ya kidini na chakula cha pamoja kinachotolewa bure kwa kila anayefika.

Uamuzi wa mwaka 2022 uliiingiza kumbukumbu hiyo katika kalenda ya taifa. Maadhimisho ya kwanza yalifanyika New Delhi, ambapo watoto wapatao 3,000 walishiriki gwaride, na shule nchini zilitakiwa kuisimulia historia hiyo kwa wanafunzi. Tangu mwaka 2024, tuzo ya kitaifa ya watoto waliotenda mambo ya kipekee, zikiwamo tuzo za ushujaa, hutolewa na Rais wa India siku hiyo hiyo.

Mjadala kuhusu jina

Pamoja na kuungwa mkono na wengi, siku hiyo imezua mjadala. Kamati kuu ya kusimamia gurdwara, SGPC, yenye makao yake mjini Amritsar, haikupinga watoto hao kukumbukwa kitaifa, bali ilipinga jina lililochaguliwa. Kwa Wasikh, Zorawar na Fateh hutajwa kwa cheo cha Baba, ambacho hupewa wazee na watu wa heshima kubwa, na huitwa Sahibzade, jina la heshima kwa wana wa Guru. Kwa mtazamo huo, kuwaita watoto mashujaa ni kuwapima kwa umri, ilhali imani inawaweka miongoni mwa wakuu wake. Kamati hiyo ilipendekeza jina la Sahibzade Shahadat Diwas, lenye maana ya siku ya kufa shahidi kwa Sahibzade.

Serikali imeendelea kutumia jina la awali, ikisisitiza mfano wa ujasiri kwa watoto wa dini zote. Hivyo, mwishoni mwa Desemba kumbukumbu hufanyika kwa sura mbili: gwaride na tuzo katika mji mkuu, na ibada ya maombolezo huko Fatehgarh Sahib, ambako jina la Veer Bal Diwas bado halijakubalika kwa wote.