Waya wa Shaba na Pazia

Mwaka 1883 msafara wa Joseph Thomson ulipita nyanda tunazoita leo Kajiado, wapagazi wamebeba shanga na mizigo ya waya. Hongo ililipwa kwa waya, na akina mama wa Kimaasai waliuvaa mikononi na miguuni. Ubora wa waya siku hizo ulipimwa kwa jicho.

Miaka 100 baadaye, jarida la Stereo Review la Marekani liliachia sikio kazi hiyo. Wasikilizaji hawakuonyeshwa waya uliounganishwa: Monster Cable ya bei, au waya wa taa. Kwenye muziki, waya mnene wa taa haukutofautishwa. Ule mwembamba ndio uliojulikana, hasa walipopigiwa mvumo mtupu.

Mimi nilijua hayo nikiwa nimeshalipa. Hapa Kitengela niliambiwa, "Mkubwa, hii ni shaba tupu." Nikakwangua. Kumbe ndani nyeupe, alumini iliyopakwa shaba! Nikamweka shemeji nyuma ya pazia, abadilishe huo na wangu wa zamani mara 10. Nilipatia 5, sawa na kurusha sarafu.

Lakini mita 3 za sebuleni si mita 40. Jumamosi kulikuwa na harusi ya mpwa wangu Kajiado mjini, spika ya omu 8 mwisho wa uwanja. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba. Waya wa milimita mraba 0.75, kwenda na kurudi mita 80, unafika karibu omu 3, na spika inabaki na nusu ya nguvu hivi. Nikabeba ule wa zamani, mnene. Huo mpya uko sebuleni, unaimba vizuri tu.