Mlango Ambao Sheria Haikuugusa

Katika Luka sura ya 16 Bwana Yesu anatusimulia habari za maskini Lazaro, aliyelazwa mlangoni pa tajiri akiwa na vidonda mwili mzima. Mwenye nyumba alikula na kusaza kila siku, wala hakutoka nje. Waliomwendea Lazaro walikuwa mbwa. Wengi wetu tumeisikia habari hiyo tangu Shule ya Jumapili, na kwa kawaida tunawaona mbwa wale kuwa sehemu ya aibu ya Lazaro. Lakini tukiisoma taratibu tunakuta kwamba mlangoni pale ni wanyama tu waliomkaribia mtu yule.

Maandiko yanajua vizuri habari ya milango. Katika 2 Samweli 5:8 tunakuta msemo wa zamani uliomzuia kipofu na kiwete kuingia nyumbani. Miaka mingi baadaye, katika Mathayo 21:14, siku ile ile Bwana alipowatoa wafanya biashara hekaluni, vipofu na viwete walimwendea humo humo hekaluni. Msemo ulikuwa wa karne nyingi. Ulikwisha nguvu siku ambayo Mwenye nyumba mwenyewe alikuwepo.

Tumeona vema kuandika hapa habari ya mlango mwingine, ambayo haiko mbali sana na siku zetu. Ni habari ya watu wasioona na mbwa wanaowaongoza, na jinsi walivyopigania kupita mahali ambapo watu wengine wote hupita.

Ilianzia vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi walirudi kutoka mstari wa mbele wakiwa wamepofuka, wengine kwa risasi na mabomu, wengine kwa gesi ya sumu. Mwaka 1916 daktari Mjerumani, Gerhard Stalling, alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kwanza ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari hao. Inasimuliwa kwamba daktari huyo alimwacha mgonjwa wake bustanini pamoja na mbwa kwa muda mfupi, na aliporudi alimkuta mbwa akimwangalia mtu yule kana kwamba amekabidhiwa. Shule nyingine ilifunguliwa Potsdam mwaka 1923.

Mwanamke Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akiishi Uswisi na kufuga mbwa wa kazi, alikwenda Potsdam akajionea mwenyewe. Tarehe 5 Novemba 1927 gazeti moja kubwa la Marekani, Saturday Evening Post, lilichapisha makala yake. Kichwa cha makala hiyo kilitoka katika Mithali 20:12, mahali panaposemwa kwamba sikio lisikialo na jicho lionalo vyote viwili ni kazi ya Bwana. Akaliita jambo lile Jicho Lionalo. Jina hilo lilikuwa na maana yake: aliyempa mtu macho ndiye huyo huyo aliyempa mbwa macho, na hakukosea kuwakutanisha.

Makala hiyo ilifika Nashville, katika jimbo la Tennessee, ikasomwa kwa sauti katika nyumba ya kijana aitwaye Morris Frank. Alikuwa na miaka 19. Jicho moja lilipotea akiwa mtoto wa miaka 6, alipopanda farasi akagongwa na tawi la mti. La pili lilipotea akiwa na miaka 16, katika mchezo wa ngumi. Mama yake naye alikuwa haoni, na Morris alipokuwa mdogo ndiye aliyemwongoza. Sasa yeye mwenyewe alihitaji mtu wa kumshika mkono. Alikuwa akiuza bima ili apate kujitegemea, na aliajiri vijana wa kumtembeza mjini. Vijana hao walichoka na kazi ile, na mara nyingi walimwacha wakaenda zao.

Morris alimwandikia mama Eustis. Alisema wako maelfu kama yeye wasiopenda kuishi kwa kutegemea mikono ya wengine, na kwamba akisaidiwa yeye, naye atarudi kuwasaidia wenzake. Mama Eustis alikubali. Safari ya kwenda Ulaya ilikuwa chungu. Kijana yule alisafirishwa melini kama kifurushi kilichokabidhiwa kwa wahudumu, akifungiwa chumbani mwake na kutolewa nje kwa saa walizopanga wao. Hakuwa mfungwa wala mgonjwa. Kosa lake lilikuwa kutokuona.

Uswisi, milimani juu ya mji wa Vevey, alipewa mbwa jike wa aina ile tunayoizoea kwa polisi. Akamwita Buddy, yaani rafiki. Kwa wiki kadhaa walifundishwa pamoja, maana kazi hii ni ya wawili. Watu wengi hudhani kwamba mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Anayejua njia ni mtu: ndiye anayeamuru kwenda mbele, kulia au kushoto. Mbwa huvaa mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu, na kupitia mpini huo mtu husikia mkononi kila anapokwepa shimo, nguzo au ngazi. Taa za barabarani mbwa hazisomi. Mtu husikiliza magari ndipo huamuru. Lakini mtu akiamuru kuvuka na gari linakuja, mbwa hufundishwa kukataa. Ni utii wenye akili: anamtii bwana wake, lakini hakubali kumpeleka katika mauti.

Juni 1928 Morris na Buddy walishuka New York. Waandishi wa habari walimtaka aonyeshe anachokisema, akakubali kuvuka West Street, barabara pana ya bandarini iliyojaa magari na malori, ambayo wenye macho waliivuka kwa hofu. Alimwambia Buddy aende mbele, wakavuka. Jioni alimpelekea mama Eustis simu ya maandishi ya neno moja tu, la kusema kwamba wamefaulu. Tarehe 29 Januari 1929 shule ya kwanza ya namna hiyo nchini Marekani iliandikishwa Nashville, nayo ikachukua jina lile lile la Mithali.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyo ngumu kuliko kuvuka barabara. Buddy aliweza kumfikisha Morris mpaka mlangoni pa hoteli, lakini hakuweza kumwingiza ndani. Kwenye treni waliambiwa mara kwa mara kwamba mbwa hawezi kukaa katika behewa la abiria. Kwenye migahawa na hoteli walikutana na neno lile lile: mbwa haruhusiwi. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya wote. Walikuwa na kanuni iliyowekwa kwa ajili ya mbwa wa kawaida, wakaitumia bila kuuliza. Lakini mtu akiambiwa aingie yeye na macho yake yabaki nje, kwa kweli ameambiwa asiingie.

Morris na Buddy walizunguka nchi yote. Walizungumza na madaktari wa macho, wakuu wa reli na wenye hoteli, wakaonana na Marais Coolidge na Hoover. Walishinda kidogo kidogo, mlango mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwaka 1935 mashirika yote ya reli ya Marekani yalikuwa na kanuni ya kumruhusu mbwa kiongozi akae na bwana wake. Buddy alikufa mwaka 1938, na kila mbwa aliyemfuata Morris alimpa jina hilo hilo. Kufikia mwaka 1956 kila jimbo lilikuwa na sheria ya kuwafungulia wasioona wenye mbwa mahali pa watu wote.

Shule yenyewe ilijifunza jambo moja linalotufaa sisi tunaopenda kutoa sadaka. Tangu mwaka 1934 anayepewa mbwa kwa mara ya kwanza hulipa dola 150. Fedha hizo ni ndogo sana kuliko gharama halisi, na kiasi hicho hakijaongezwa. Hutozwa ili mtu aondoke akijua kwamba mbwa ni wake, wala hakuomba.

Baadaye watu wenye ulemavu wa namna nyingine nao walianza kutumia mbwa. Mwaka 1975, huko Santa Rosa, California, Bonita Bergin alianzisha shirika la kufundisha mbwa wa kuwasaidia wanaotumia viti vya magurudumu: kuokota kilichoanguka, kuvuta mlango, kuwasha taa. Wako mbwa wanaowajulisha viziwi kwamba kengele inalia au mtoto analia, na wako wanaokaa na mwenye kifafa wakati wa kuanguka kwake.

Tarehe 26 Julai 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria kubwa ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa kanuni zake, mbwa aliyefundishwa kumsaidia mwenye ulemavu huingia kila mahali ambapo umma huingia: dukani, mgahawani, hospitalini. Isipokuwa haja imeonekana wazi, mlinzi wa mlango anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti wala kuuliza mtu anaumwa nini. Hofu ya mwingine si sababu ya kumkatalia. Kwa upande wake mwenye mbwa lazima amtawale. Akiwasumbua watu au akichafua mahali, anaweza kuambiwa amtoe.

Lakini sheria hiyo iliacha mlango mmoja. Bunge liliziweka nje ya wajibu huo taasisi za dini na nyumba za ibada. Yaani mwenye baa anabanwa na sheria kumpokea asiyeona pamoja na mbwa wake, na mwenye sinema anabanwa, lakini kanisa halibanwi. Tunaelewa kwamba nchi ile huogopa serikali kuingilia ibada, na hofu hiyo ina maana yake. Hata hivyo, wapendwa, jambo hili linapaswa kutuchoma. Kaisari hakutuamuru kwa sababu alituachia sisi wenyewe. Je, tuliachiwa ili tufanye pungufu ya mwenye baa, au ili tufanye zaidi bila kusukumwa?

Katika habari hii majirani zetu Waislamu nao wana la kutufundisha. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na usafi kabla ya swala ni wajibu. Kwa hiyo jambo lilikuwa gumu kwao kuliko kwetu. Lakini mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake. Palitengwa mahali karibu na mlango ambapo mbwa hupumzika wakati bwana wake anaswali. Hawakuiacha imani yao. Walitafuta ndani ya imani yao njia ya kumwezesha ndugu yao kufika.

Sasa tujiangalie sisi. Katika sharika zetu mbwa kiongozi ni nadra, na wengi wetu hatujamwona. Tunamjua mbwa wa kulinda, anayefunguliwa usiku, na tunaogopa kichaa cha mbwa kwa sababu tumezika watu. Hofu hiyo si upumbavu. Lakini Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009, na mkataba huo unazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kuingia mahali pa umma, hata kwa msaada wa viumbe hai wanaowaongoza. Kwa hiyo swali litafika mlangoni petu, kama halijafika.

Kwa sasa, anayefika zaidi ni mzee asiyeona aliyeshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na mjukuu. Tunamwona Jumapili na kusifu utii wa mtoto yule. Jumatatu, wenzake wakiwa darasani, mara nyingine bado ameshika fimbo. Morris Frank alimwongoza mama yake alipokuwa mtoto. Aliijua kazi hiyo pande zote mbili. Na sisi mara ngapi tumemwombea mzee huyo apate kuona, tukasahau kumpa mahali pa kukaa akiwa bado haoni?

Bartimayo, katika Marko 10, alinyamazishwa na watu waliokuwa wakimfuata Yesu. Walimfuata Bwana, na papo hapo wakawa ukuta kati yake na mwenye haja. Bwana alisimama, akaamuru aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hakudhani kwamba anajua. Aliuliza kwanza.

Basi wazee wa kanisa na wahudumu wa mlangoni waanze hapo. Akija mgeni asiyeona, akiwa na mbwa, fimbo au mtoto, tumsalimu yeye mwenyewe kwa jina lake, wala tusimsemeshe aliyemleta. Tumwulize anataka kukaa wapi. Kama ana mbwa, tumwonyeshe benchi la pembeni ambapo mbwa atalala miguuni pake, tuwaambie watoto wasimchezee akiwa kazini, na mwenye hofu tumpe kiti cha mbali. Kama ameletwa na mtoto wa shule, baraza la wazee lijue ni nani atakayeishika fimbo ile Jumatatu.

Lazaro hakuomba karamu yote, alitamani makombo. Kati yake na meza palikuwa na mlango mmoja tu, na mwenye funguo alikuwa ndani, ameshiba.