Mgongo wa Postikadi: Kanada Vitani, 1914–1918

Anayeanza kukusanya postikadi za Kanada za Vita Kuu ya Kwanza huvutwa kwanza na zile za hariri. Wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walizidarizi maua, bendera na alama za vikosi, na askari wakazinunua ili wawapelekee mama na wachumba. Zinapendeza, na wauzaji wanalijua hilo. Ila kwa mtafuta habari, nyingi ni bubu: zilitumwa ndani ya bahasha ili uzi usichafuke, hivyo hazina stempu wala mhuri, na maneno yake hayavuki salamu.

Mimi naona heri kadi ya kambini, picha halisi iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya postikadi. Kanada iliingia vitani Agosti 4, 1914, na katika wiki chache kambi kubwa ikainuka Valcartier, karibu na jiji la Québec. Watu zaidi ya 30,000 walikusanyika hapo kabla msafara wa kwanza wa meli haujang'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba. Wapiga picha nao hawakulaza damu. Kadi zao zinaonyesha wanaume wakimenya viazi, nguo zikianikwa kwenye kamba za mahema, vijana wakijitahidi kukaza uso mbele ya kamera. Mara nyingi mwenye kadi ametia alama ya X kwa wino juu ya kichwa chake, maana katika safu ya watu mia hata mama mzazi angempoteza.

Halafu igeuze. Aprili 15, 1915 serikali iliongeza kodi ya vita ya senti 1, na kadi iliyokuwa ikisafiri kwa senti 1 ikataka 2. Basi hata mhuri ukiwa umefifia, stempu itakudokezea kama kadi ya ndani ya nchi ilitumwa kabla au baada ya siku hiyo. Majina ya miji nayo husaidia. Berlin, mji wa Ontario wenye watu wengi wa asili ya Kijerumani, ulibadilishwa jina mwaka 1916 ukawa Kitchener, kwa heshima ya waziri wa vita wa Uingereza aliyekufa baharini mwaka huohuo. Na kabla ya vita, kadi nyingi za mandhari ya Kanada zilichapwa Ujerumani kwenyewe, kwa kuwa wachapaji wa huko walikuwa mafundi wa rangi. Dukani mtu aliweza kuchagua picha ya mtaa wa kwao iliyochapwa na watu ambao mwanawe alikuwa anakwenda kupigana nao.

Kadi ya jeshi isiyo na picha wengi huiruka. Ilikuwa na sentensi zilizokwisha kuchapwa: sijambo, nimelazwa hospitalini, nimepokea barua yako, sijapata barua kutoka kwako. Askari alikata zisizomhusu, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lolote, kadi iliharibiwa. Nyumbani waliisoma mikato ya penseli kama wengine wasomavyo barua ya kurasa nne.

Picha rasmi zinahitaji jicho kali zaidi. Mwaka 1916 Max Aitken, Mkanada aliyekuwa tajiri na mwanasiasa mjini London, alianzisha ofisi ya kumbukumbu za vita za Kanada. Mpiga picha wake, Ivor Castle, alitoa picha maarufu za askari wakiruka nje ya handaki kwenda kushambulia. Kumbe walikuwa mazoezini, mbali na adui, na milipuko iliongezwa baadaye. Kadi ya viazi haikuwa na sababu ya kudanganya namna hiyo.

Ndiyo maana inaniudhi kuona albamu ya askari ikichanwa ili kadi ziuzwe mojamoja. Alivyozipanga mwenyewe, zinaonyesha njia aliyopita: Valcartier, matope ya Salisbury Plain majira ya baridi ya 1914, mji wa Ufaransa, kisha labda hospitali Uingereza. Muuzaji hupata zaidi kwa kuzitenganisha, na mnunuzi wa kadi ya hospitali hatajua kamwe kwamba mgonjwa huyo ndiye yule mwenye X kule Valcartier.